Dhahabu inayobaki kwenye marudio ni ya nani?

Ukifika kwenye mwalo wa wachimbaji wadogo mkoani Geita, utaona vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha dhahabu kidogo kama punje ya mahindi, na watu watano au sita wanakikodolea macho. Cha pili ni lundo la mchanga wa kijivu pembeni, ambalo hakuna anayeliangalia. Kipande kitauzwa leo hii. Lundo linaitwa marudio, wengine huliita visusu, nalo litaondoka baadaye kwa lori.

Sasa swali: dhahabu nyingi iko wapi, kwenye kile kipande au kwenye lile lundo?

Mara nyingi iko kwenye lundo. Si uchawi na si mkosi. Ni fizikia na kemia, halafu uchumi unakuja kumalizia kazi. Twende hatua kwa hatua.

Dhahabu inapotea wapi?

Mawe yakitoka kwenye duara hupondwa, kisha husagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga huchanganywa na maji na kupitishwa kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa zulia au kitambaa cha mkonge. Hapa tunategemea uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, wakati ile ya jiwe jeupe la kwatzi ina gramu 2.65 tu. Dhahabu inazama na kunasa kwenye zulia, mchanga unaendelea na safari.

Kilichonaswa huoshwa kwenye beseni na kuchanganywa na zebaki. Zebaki ina tabia ya kushikamana na dhahabu na kutengeneza donge laini la rangi ya fedha. Donge likichomwa, zebaki hugeuka mvuke (huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi) na dhahabu inabaki.

Njia hii ni ya haraka na rahisi, lakini ina matundu mawili makubwa. La kwanza liko kwenye ubao. Chembe za dhahabu zilizo laini kama vumbi hazizami vizuri, zinabebwa na maji. La pili ni kwamba zebaki inashika tu dhahabu inayoigusa. Kama chembe imefungwa ndani ya punje ya jiwe ambayo haikusagika vya kutosha, zebaki itapita nje kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Ndiyo maana makadirio yanayotajwa sana kwa njia hii ni kwamba mchimbaji anapata kama asilimia 30 hadi 40 ya dhahabu iliyomo kwenye mawe yake. Iliyobaki ndiyo ile ya kwenye lundo.

Duara likishuka, mambo yanabadilika

Karibu na uso wa ardhi, mawe yameshaliwa na hewa na maji kwa maelfu ya miaka. Yamekuwa mekundu na laini, na dhahabu yake imekwisha kuachiwa. Mchimbaji anafurahi. Lakini ukishuka chini ya kiwango cha maji ya ardhini, unakutana na jiwe gumu lenye madini ya salfaidi, hasa pairaiti, ile inayong'aa na kudanganya macho ya wageni. Dhahabu nyingi huko imejificha ndani ya salfaidi hizo.

Kwa hiyo, pale pale ambapo gharama zinapanda (pampu ya maji, matimba ya kuzuia kuta, dizeli, baruti, kuvuta hewa chini), sehemu ya dhahabu unayoipata kwenye ubao inashuka. Wengi huona duara "limekufa". Wakati mwingine dhahabu bado ipo, ila njia ya kuitoa ndiyo imefika mwisho.

Tupige hesabu

Huu ni mfano tu, ila hesabu yake ndiyo yenyewe. Una tani 10 za mawe, na kila tani ina gramu 12 za dhahabu. Jumla ni gramu 120.

Kwa ubao na zebaki unapata asilimia 35, yaani gramu 42. Kwenye marudio zimebaki gramu 78. Anakuja mwenye mtambo wa sayanaidi, ananunua lundo lako, na tuseme anatoa asilimia 70 ya kilichobaki. Anapata karibu gramu 55.

Soma tena hapo. Aliyechimba, akalipa vibarua, akanunua dizeli na kuhatarisha maisha chini ya ardhi amepata gramu 42. Aliyenunua mchanga amepata 55. Ni kweli naye ana gharama zake: usafiri, kemikali, mtambo, wafanyakazi. Lakini swali la bei linabaki pale pale, kwa sababu katika biashara ile mmoja aliwahi kupima lundo na mwingine alikisia.

Sayanaidi inafanya nini ambacho zebaki haiwezi?

Zebaki inashika dhahabu, sayanaidi inaiyeyusha. Mchanga unalowekwa kwenye tangi lenye maji ya sayanaidi kwa siku kadhaa. Kwa msaada wa oksijeni, dhahabu inaingia kwenye maji kama chumvi inavyoingia kwenye mchuzi, hata zile chembe za vumbi. Kisha maji hupitishwa kwenye kaboni maalumu, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na dhahabu hung'ang'ania humo mpaka itolewe kwenye mtambo wa elusheni. Njia hii ilipewa hataza Uingereza mwaka 1887, kwa hiyo si jambo jipya.

Chokaa nayo ni lazima. Maji yakipoteza ualkali, pH ikashuka chini ya 10 hivi, sayanaidi huanza kutoka kama gesi, na gesi hiyo inaua.

Kwa nini mchimbaji asilowekeshe mwenyewe?

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Kwanza, sayanaidi inahitaji mtaji, vibali na ujuzi. Pili, inahitaji subira, na vibarua wa duara wanataka mgawo wiki hii. Zebaki inakupa pesa kabla jua halijazama. Tatu, benki hazikopeshi kwa urahisi, kwa sababu mchimbaji hana takwimu za kuonyesha kuna dhahabu kiasi gani ardhini. Nne, sehemu nyingi mwenye karasha au mwalo ndiye anayebaki na marudio kama sehemu ya malipo yake. Ulishayaacha kabla hujajua yana nini.

Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yamesaidia sana upande wa bei. Lakini soko linapima dhahabu iliyo mkononi. Iliyobaki kwenye mchanga hailioni soko, wala soko haliioni.

Sumu mbili kwenye tangi moja

Kuna jambo baya zaidi. Marudio yaliyopita kwenye zebaki yanakwenda na zebaki yake. Yakilowekwa kwenye sayanaidi, zebaki nayo inayeyuka. Sehemu inang'ang'ania kaboni na kutoka kama mvuke mbele ya safari, na sehemu inabaki kwenye maji ambayo yanaweza kufika mtoni. Ikifika kwenye tope la mto au ziwa, bakteria wanaweza kuigeuza kuwa methilizebaki, aina inayopanda kutoka kiumbe kidogo hadi samaki, na kutoka samaki hadi sahani yako. Ni sumu ileile iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani.

Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka nchi zichukue hatua za kukomesha hasa kitendo hiki: kutumia sayanaidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza.

Nini kifanyike?

Mara nyingi tunamwambia mchimbaji "acha zebaki". Sawa, lakini ukimpa kifaa cha kunasa mvuke au ukimfundisha kuyeyushia dhahabu kwa boraksi, umelinda mapafu yake, jambo jema sana. Gramu 78 bado ziko kwenye lundo. Ndiyo maana mafunzo mengi yanasahaulika mradi ukiisha.

Mimi nadhani tuanzie kwenye kipimo. Kabla ya kuuza marudio, changanya lundo vizuri, lirundike kama pia, ligawe mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena, gawa tena, mpaka ubaki na kilo chache. Hiyo ndiyo sampuli inayowakilisha lundo zima, si kiganja cha juu juu. Ipeleke maabara ipimwe. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, inafanya kazi hiyo. Ukirudi na karatasi yenye gramu kwa tani, mazungumzo na mnunuzi hayatakuwa yale ya jana.

Hatua inayofuata ni kuruka zebaki kabisa: wachimbaji kadhaa kupeleka mawe kwenye mtambo mmoja, kila mzigo ukapimwa unapoingia, na mwenyewe akalipwa kwa kipimo. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi vinavyoonyesha uchenjuaji bila zebaki. Kemia yake inajulikana. Kazi ngumu ni uaminifu: mchimbaji kukubali kuacha mawe yake kwa siku kadhaa, na mwenye mtambo kupima mbele ya macho yake.

Zebaki inapendwa kwa sababu inalipa leo, mbele yako, bila kukuomba umwamini mtu. Mtambo utakaoishinda lazima ufanye vivyo hivyo, na ulipe hata zile gramu 78.