Jirani Hana Miguu, Ila Mtaa ni Wake

Oyaa mwanangu, kiwanja safi. Umekimbia kodi ya Dar, umekusanya mpunga wako kidogokidogo, dalali kakupandisha boda mpaka Msangani au Viziwaziwa, Kibaha, ukaona mwembe, mikorosho, upepo wa bure. Ukasaini siku hiyohiyo. Dalali alitaja kila kitu: umeme upo, maji yanakuja, lami iko njiani. Jirani wa juu ya mwembe hakumtaja.

Sisi wana wa Pwani tunakutajia. Jirani ni nyoka. Na yeye ndiye mwenyeji, wewe ndiye umekuja juzi na begi. Kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, ukikatiza Kisarawe hadi Maneromango, sehemu kibao zilikuwa pori tupu. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upo palepale Kisarawe, unapumua. Tumeingia na mabati, sabufa na mabanda ya broila. Panya wakafuata pumba, nyoka akafuata panya. Hakuna jini hapo, ni msosi tu.

Kwa hiyo sikia: mjanja wa Kibaha hapimwi kwa raba zake. Anapimwa kwa anavyoishi na huyu jirani.

Wajue masela wa kitaa

Koboko wa kijani ndiye bishoo. Kijani ya kung'aa kichwa hadi mkia, maisha yake yote ghorofani: mwembe, mkorosho, mnazi. Sumu yake inashika mishipa ya fahamu na inaweza kukukata pumzi. Ila ni mwoga kinoma. Mnaweza kupiga stori chini ya mwembe mchana kutwa, yeye kajikausha juu, hana habari na nyie.

Koboko mweusi ni levo nyingine. Weusi wenyewe uko ndani ya mdomo. Mwili ni kijivu au kahawia. Anafika mita 3, ana mbio, na akibanwa anaweza kuuma zaidi ya mara moja. Ukimwona, muachie barabara yote. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hapo tu ndipo wazee walipatia.

Kifutu ni mzee wa kulala. Mfupi, mnene, rangi ya majani makavu. Nyoka wengine wakihisi hatua zako wanakula kona; yeye anabaki palepale akiamini humuoni. Na kweli humuoni. Unamkanyaga usiku ukitoka dukani, ndala mguuni, simu chaji asilimia mbili. Sumu yake inaharibu nyama ya mguu.

Swila mtema mate analenga macho, tena kutoka mita kadhaa. Akikupata, osha kwa maji safi mengi, kwa dakika nyingi, halafu hospitali. Usisugue.

Halafu wapo wapole. Nyoka mla mayai ni fiksi tupu: anasugua magamba mpaka yanatoa mlio, anavimba, anajifanya kifutu, kumbe sumu hana na meno karibu hana. Nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia, anakula panya wa stoo yako usiku kucha na hadai hata mia. Ukimuua huyo umemfukuza mlinzi asiyelipwa mshahara.

Mambo ya kutia aibu

Aibu namba moja: wanaume kumi, mapanga matatu, galoni ya mafuta ya taa, wote dhidi ya kinyoka cha kijani kilicho kirefu kama waya wa chaja. Baadaye picha kwenye status: "Leo tumeua koboko." Mwana, nyoka wengi wa kijani mnaowapiga ni wa vichakani, hawana madhara yoyote kwako. Na hata kama ni koboko kweli, kumfuata na fimbo ndiyo njia fupi ya kuumwa. Ukikaa mbali akapita, stori imeisha.

Aibu namba mbili: ushauri wa wazee. Mzee wa mtaa atakwambia usipige mluzi usiku, unaita nyoka. Nyoka hana masikio ya nje, anasikia mtikisiko wa ardhi na sauti nzito. Mluzi wako hauko kwenye masafa yake kabisa. Mzee mwingine atakwambia uzungushie nyumba vitunguu saumu. Ukimaliza, nyumba nzima inanuka pilau na nyoka bado yupo stoo na panya wake. Wa tatu atasema usitaje jina lake usiku, sema "kamba". Haya, ite kamba. Kamba itauma vilevile.

Aibu namba tatu, na hii inaua: ameumwa mtu, halafu watu wanatoa wembe. Wanachanja, wananyonya, wanakaza mpira mguuni mpaka unakuwa bluu, wanabandika jiwe jeusi. Jiwe halinyonyi sumu. Wembe unaongeza kidonda. Mpira unaweza kukukatisha mguu wenyewe. Na muda unakwenda huku mganga anatafuta kuku mweupe.

Kinachokula mkwanja

Dawa ya sumu ya nyoka ndiyo bidhaa ghali ambayo hakuna anayeipigia picha. Inatengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogokidogo, damu yake inajenga kinga, kinga inachujwa. Kazi ndefu, bei ndefu, na mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji vichupa vingi. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa ilikuwa inatengeneza dawa ya Afrika iitwayo Fav-Afrique. Ikaacha mwaka 2014 kwa sababu haikuwa na faida, na shehena ya mwisho ikaisha muda 2016. Wanaoumwa zaidi ni wakulima na watoto wa vijijini, na soko halijali mtu asiye na hela. Hiyo inaniuma kuliko kifutu.

Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Kwa hesabu zao, watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani. Mechi ngapi za Simba na Yanga tumejadili usiku kucha, na hii hakuna anayeigusa!

Sasa linganisha. Mabuti ya mpira na tochi ya chaji vinaweza kuwa nafuu kuliko raba feki unazovaa Maili Moja. Buti shambani, tochi njiani usiku. Hiyo ndiyo staili ya Pwani kwa sasa. Wana wanaokwenda kampi Kisarawe, huko Minaki na ndani ya hifadhi ya msitu, wameshajua: hema linafungwa zipu, viatu vinakung'utwa asubuhi, kuni haziokotwi gizani kwa mkono mtupu. Wewe wa kukaa huko mwaka mzima unashindwaje?

Unataka kumfuga?

Najua umeona video. Mzungu kavaa chatu shingoni kama mkufu, lakini mbili za laiki. Tulia.

Kibongo, wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais kashika kama mdhamini, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Chatu ndani ya geto bila karatasi ni kesi, tena kesi ambayo dhamana yake itamfanya maza auze kiwanja.

Weka sheria pembeni, angalia maisha. Chatu wetu anaweza kupita mita 4. Anataka kreti imara, joto, na kuku au sungura mzima. Anaweza kuishi miaka zaidi ya 20. Demu atakuacha, kreti itabaki. Florida, Marekani, watu walinunua chatu wa Burma wakiwa wadogo, wakawachoka, wakawaachia. Sasa wamejaa kinamasi cha Everglades, wanamaliza wanyama wa huko, na serikali inalipa watu wawawinde.

Ukiwa na mzuka wa kweli, heshima ipo. Wayeye wa Usukumani wamecheza ngoma na chatu vizazi na vizazi, na ile ni elimu ya chama kizima, haikuanza na simu. C.J.P. Ionides, Mwingereza aliyewahi kuishi Liwale na aliyefariki 1968, alikamata koboko wa kijani wengi sana kusini mwa nchi na watu wakamwita Bwana Nyoka. Na kule Meserani, Arusha, kuna bustani ya nyoka yenye kliniki ya walioumwa. Nenda kalipe kiingilio, uliza maswali, piga picha yako kupitia kioo.

Akikuuma

Tulia, kaa chini, vua pete na viatu kabla uvimbe haujaja. Funga mguu na ubao usicheze. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kama ushahidi. Gari halipo? Boda. Nepal vijijini walipanga pikipiki za kujitolea kuwawahisha walioumwa na vifo vikashuka: dereva mbele, mgonjwa katikati, mtu nyuma amshike. Hiyo ndiyo siku pekee mshikaki una heshima. Kibaha ni hospitali ya Tumbi, Kisarawe ni hospitali ya wilaya, na mtu apige simu mbele kuuliza dawa.

Kabla ya hayo yote, fyeka majani karibu na nyumba, ondoa rundo la matofali, ziba tundu chini ya mlango, maliza panya. Chatu akiingia bandani, mwite afisa wanyamapori wa halmashauri. Na mwezi huu, kabla hujanunua spika, nunua tochi.