Hell's Gate na watoto: Waache waguse volkano, lakini wewe tazama mawingu

JINA lenyewe, Lango la Jehanamu, linatosha kumfanya mzazi ageuze gari Mai Mahiu arudi zake Nairobi. Asigeuze. Kwa kijana mwenye watoto wadogo na siku moja tu ya mapumziko, mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha ina kitu ambacho mbuga nyingi hazina: mtoto anaruhusiwa kushuka garini.

Hapa watu hutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya punda milia, twiga na ngiri. Nyati wapo pia, kwa hivyo mtoto hakimbii mbele peke yake hata kama amekuzidi mbio.

Nilienda Jumamosi moja na dada yangu na wanawe wawili, wa miaka minne na minane. Ukiingia kupitia lango la Elsa hukawii kufika Fischer's Tower, mnara wa mwamba wenye kimo cha mita 25 hivi. Ni koo la volkano ya kale. Lava iliganda ndani, kisha mvua na upepo vikamomonyoa mawe laini yaliyoizunguka, koo likabaki limesimama wima. Masimulizi ya Wamaasai yanasema ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka kutazama nyumbani kwao mara ya mwisho, akawa jiwe.

Mdogo alishika ule mwamba kwa viganja vyote viwili. "Anko, mbona haichomi?" Nikamwambia moto umelala. Hakuridhika, na kusema kweli alikuwa na haki. Mbali kidogo, upande wa Olkaria, moshi mweupe ulikuwa ukipanda angani. Huo ni mvuke. Maji yaliyo chini sana ardhini huchemshwa na joto la volkano, mvuke wake huvutwa kwa mabomba na kuzungusha mitambo ya umeme. Kituo cha kwanza hapo kilianza kazi 1981, miaka mitatu kabla ya mbuga yenyewe kuanzishwa. Yule wa miaka minane akataka kujua kama taa za kwao huwaka kwa volkano. Zingine ndiyo.

Kilichowashika zaidi, hata hivyo, si mvuke wala twiga. Ni pimbi wanaoota jua pale kwenye mawe ya mnara. Waambie watoto kwamba jamaa wa karibu wa pimbi ni ndovu, uone kama watakuamini.

Sasa tuongee kuhusu korongo la Ol Njorowa. Picha nyingi unazoona mitandaoni ni za huko: kuta ndefu zilizochongwa na maji, njia nyembamba, chemchemi za maji moto. Ndiko pia watu wamekufa. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwasomba vijana wa kundi la kanisa kutoka Nairobi. Septemba 2019 maji yaliua tena watalii pamoja na mwelekezi wao.

Hatari yake ni kwamba mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inaweza kunyesha vilimani huko juu, nawe chini umesimama kwenye mchanga mkavu, jua linawaka. Maji yakikusanyika huteremka yote kwa mfereji huo mmoja, na kuta zile hazipandiki kwa haraka. Mtu mzima anaweza kubahatika kufikia mwamba wa juu. Mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi atafanyaje?

Kwa maoni yangu, mtoto wa chini ya miaka sita hana kazi huko, msimu wowote. Mkubwa kidogo anaweza kushuka wakati wa kiangazi, asubuhi, iwapo askari wa KWS wamesema njia iko wazi, na mkiwa na mwelekezi anayejua sehemu za kutokea. Machi hadi Mei, sahau kabisa. Usikubali maneno ya "twende tu mara moja".

Siku yetu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya saa tano. Tulichungulia korongo kutoka juu, tukarudi kula chapati na mayai kwenye eneo la pikiniki. Yule wa miaka minane alininunia hadi tukafika Naivasha mjini.

Mambo madogo: ada hulipwa kwa eCitizen, hakuna pesa taslimu langoni, basi lipa kabla hujatoka nyumbani. Beba maji mengi na kofia, vivuli ni vichache. Na vumbi la huko ni jeupe na laini kama unga. Nguo nyeupe ziache kabatini.