Kisukuku cha Mtoni: Kiokotwe au Kiachwe?

Mvua zinapokatika kusini mwa jimbo la Florida, Marekani, na maji ya Mto Peace kushuka hadi magotini, watu huingia mtoni na sepetu na chekeche. Wamo mafundi, walimu, wastaafu, na wazazi walioandamana na watoto wao. Huchota changarawe ya chini ya mto, huichekecha, na kinachobaki hukipekua kwa vidole: meno ya papa, vipande vya magamba ya kasa, meno ya farasi, mbavu za nguva, na kwa mwenye bahati, jino la megalodoni, papa aliyetoweka zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita na ambaye jino lake moja laweza kuzidi sentimita 15. Wapo wataalamu wanaoutazama mchezo huu kwa jicho baya. Wanasema kisukuku kikiingia mfukoni mwa mtu wa kawaida, sayansi imekipoteza. Nakubaliana nao nusu. Ninavyoona mimi, swali halihusu sana nani anaokota. Linahusu anaokota wapi. Iko mito ambayo ukiokota ndani yake huipunguzii sayansi kitu cha maana, pengine unaiongezea. Na yako makorongo ambamo kipande kimoja kikiondolewa, mifupa mingine mia haitaonekana tena.

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni lazima kujua kisukuku kinapata wapi thamani yake. Mfupa peke yake husema machache. Yanayosema mengi ni matabaka ya udongo au mwamba uliouhifadhi, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha mnyama aliishi lini, penye nyasi au penye kinamasi, na jirani zake walikuwa nani. Mfupa ulioondolewa kwenye tabaka lake bila kumbukumbu yoyote umebaki pambo la kabatini. Sasa tazama Mto Peace. Unapita katika eneo la miamba yenye fosfeti. Baadhi ya matabaka yake yaliwekwa na bahari wakati sehemu hiyo ya Florida ilipokuwa chini ya maji, na mengine yakarundikwa baadaye sana na mito na vinamasi vya nchi kavu. Mto umezila kingo zake na kuyachanganya yote sakafuni mwake, hata jino la papa wa mamilioni ya miaka likalala katika changarawe moja na jino la mamothi, ndovu wa enzi za barafu, ambaye kwa hesabu ya dunia alikufa jana. Tabaka lilishapotea kabla hajafika mtu na chekeche lake. Isitoshe, mto hautulii. Kila mafuriko yanavibiringisha visukuku hivyo, yanavigonganisha na kuvisaga, mpaka vingine haviwezi kutambulika. Kumwambia mwenyeji wa Arcadia au Wauchula, miji ya kando ya mto huo, asiokote jino la papa mtoni ili limsubiri mtaalamu ni kumwambia auachie mto ulimalize.

Kuokota ni kazi ya mikono tu. Kutambua ndiko kunakomtenga mwenye burudani yenye faida na mkusanya mawe. Anayeanza hudanganywa na maumbo. Jiwe la mviringo huliita yai la dinosaria, na michirizi myeusi ya manganizi juu ya mwamba huiita jani la kale. Aliyezoea hutazama mahali palipovunjika: mfupa una vitundu vidogo vidogo na nyuzi zinazofuata urefu wake, jiwe la kawaida halina. Rangi humpotosha karibu kila mgeni. Mfupa mweusi si lazima uwe wa zamani kuliko mweupe, maana weusi hutokana na madini yaliyouingia, na madini hutegemea ulilala wapi. Mbavu za nguva ndizo zinazotupwa zaidi na wasiojua. Ni nene, nzito, hazina uwazi wa uboho, na uzito huo ndio unaomsaidia nguva kutulia chini anapokula nyasi za bahari. Nguva wa kale wa Florida walikuwa wa ukoo mmoja na hawa wachache waliobaki katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Rufiji, ingawa anayezitupa mbavu zao nyuma ya bega hana habari. Meno ni rahisi zaidi. La mamothi lina mabamba yaliyopangwa sambamba, mithili ya ndovu wa leo, ya kusagia nyasi. La mastodoni, mnyama mwingine wa kale wa jamii ya ndovu, lina vilima vilivyochongoka, vya kutafunia majani na matawi. La papa hutambulika kwa umbo la mzizi wake na kwa kingo zake, kama zina meno-meno ya msumeno au ni laini, na meno ya papa yanapatikana kwa wingi kwa sababu papa mmoja hubadilisha maelfu ya meno maishani mwake, huku mifupa yake laini ikioza upesi. Kuna hata mitego inayowanasa wazoefu: jino la nyati wa kale wa Marekani na la ng'ombe aliyezama mwaka juzi hufanana mno.

Maarifa hayo yana uzito katika hoja yenyewe. Wakosoaji husema kitu adimu kitaishia kwenye droo ya mtu, na sayansi haitakisikia. Hatari hiyo ipo, lakini asiyejua kilicho cha kawaida hawezi kugundua kilicho adimu, na anayejua sana kilicho cha kawaida ni yule aliyechekecha changarawe miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2022 wapenzi wawili wa visukuku, wasio watafiti wa kuajiriwa, walizamia katika maji yenye kiza ya Mto Steinhatchee, kaskazini mwa Florida, wakakuta mifupa imelala kwa wingi mahali pamoja. Walitambua meno ya farasi, wakaona hali si ya kawaida, wakalijulisha Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Florida, mjini Gainesville. Visukuku zaidi ya 500 vikaingia katika hifadhi ya jumba hilo, vya miaka ipatayo nusu milioni, kipindi ambacho mabaki yake ni haba sana Florida. Miongoni mwake imo mifupa ya Holmesina, mnyama mkubwa wa jamii ya amadilo aliyevaa magamba ya mfupa, ikimwonyesha akiwa katikati ya safari ya kuongezeka ukubwa: mifupa mingine tayari ina kipimo cha kizazi cha baadaye, mingine bado ni midogo kama ya waliotangulia. Ushahidi wa namna hiyo haungetoka kwenye droo, na hakuna mtafiti aliyekuwa amepanga kuzamia pale.

Waliojitolea hivyo hawakusukumwa na moyo mwema peke yake, kwani sheria imewatengenezea njia. Florida huhesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo vilivyomo katika ardhi ya umma, pamoja na chini ya mito yake mikubwa, kuwa mali ya jimbo. Anayetaka kuviokota huomba kibali kwa jumba hilo la makumbusho, huripoti alichopata, na jumba lina haki ya kukidai kabla hakijawa chake. Meno ya papa hayahitaji kibali, kwa sababu ni mengi kupita kiasi. Kule Big Brook, New Jersey, ambako kijito kinatoa meno ya papa wa zama za dinosaria, utaratibu umekuwa kuweka kikomo cha visukuku vitano kwa mtu kwa siku, na kuzuia watu kuchimba kingo. Ukali huo wa kingo una sababu nzuri. Anayechekecha changarawe ya mtoni anachukua kilichokwisha kung'oka; anayechimba ukingo analibomoa tabaka lenyewe, tena anaharakisha mmomonyoko. Huyo wa pili sina la kumtetea.

Inabaki hoja moja ngumu, nayo inatoka kwetu. Agosti 1984, kando ya mto wa msimu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto nyeusi za volkano. (Wanaodhani jicho la kutambua mfupa hutolewa na chuo kikuu wangemwuliza marehemu Kimeu, aliyeanza kama kibarua wa akina Leakey, familia ya watafiti wa visukuku, na ambaye jina lake limepewa nyani wawili wa kale.) Kipande hicho kiliwaongoza kuchekecha na kuchimba palepale, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita, anayejulikana duniani kama Mvulana wa Turkana. Tuseme kipande hicho kingeokotwa mwaka mmoja kabla na mpita njia aliyependa vitu vya ajabu. Angekuwa na kumbukumbu nzuri nyumbani, na binadamu wangekosa mmoja wa mashahidi wakuu wa asili yao.

Mfano huu hauiangushi hoja yangu, unaiwekea mpaka. Changarawe ya Mto Peace imekokotwa, imechanganywa, haiwezi kukurudisha penye chanzo. Katika nusu jangwa la Turkana, na vilevile Olduvai, mvua za vurugu huumenya mlima kidogo kidogo, na mfupa unaotokeza juu mara nyingi uko hatua chache tu kutoka tabaka lake. Ndiyo maana sioni ukali wa sheria zetu kuwa wivu wa serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, na ile ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006, hazimpi mtu ruhusa ya kujichimbia urithi huu bila kibali. Historia nayo inazipa haki: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliondoa Tendaguru, karibu na Lindi, zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, iliyochimbwa na kubebwa na wenyeji hadi bandarini, na mpaka leo iko Berlin.

Ninacholalamikia ni kwamba tumeweka katazo bila kuacha mlango wa kutolea taarifa. Wachungaji na wachimba mchanga wa kwetu huona korongoni, kila baada ya mvua, vitu ambavyo mtafiti wa jijini hatavifikia, na wengi hawajui pa kupeleka taarifa zake. Makumbusho zetu zitangaze namba moja ya simu ya kupokea picha, na zimtaje kwa jina aliyeona kwanza. Kabla wakati huo haujafika, ukiona mfupa wa jiwe mtoni au korongoni, usiunyanyue. Weka kalamu au sarafu kando yake uonekane ukubwa, piga picha ya karibu na ya mbali, hifadhi mahali ulipo kwenye ramani ya simu, kisha peleka taarifa ofisi ya makumbusho ya taifa iliyo karibu nawe.