Siku mbili St. Louis, pamoja na watoto

Wengi kati yetu tuna ndugu Marekani, na siku moja mwaliko unaweza kufika. Tukipata siku mbili tu katika mji wa St. Louis, kando ya mto Mississippi, tuzipange hivi.

Siku ya kwanza tupande Gateway Arch, tao la chuma lenye urefu wa metre 192, lililomalizika mwaka 1965. Tiketi ya kupanda inunuliwe mapema. Makumbusho yaliyo chini yake ni ya bure.

Kisha twende kwa miguu mpaka jengo la zamani la mahakama. Mama Harriet Scott na mume wake Dred walianza mashitaka yao mwaka 1846, wakidai kutoka utumwani. Walikuwa na mabinti wawili, Eliza na Lizzie. Mahakama Kuu ya nchi iliwakatalia mwaka 1857, lakini mwaka ule ule bwana mwingine aliwaachilia huru.

Siku ya pili twende Forest Park. Kuna bustani ya wanyama na makumbusho ya sanaa, na kuingia ni bure. Lakini tusipite kimya: katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika hapo na kando yake mwaka 1904, ndugu yetu Ota Benga wa Kongo aliwekwa mbele ya watu ili atazamwe.

Basi kabla ya kufunga valizi, tuwasimulie watoto habari za Harriet na Ota Benga. Wakifika, watajua wanaangalia nini.