Mwanga huua viini vya maji, lakini hauondoi chumvi wala risasi

MIFEREJI inapokauka Miritini, wakazi hutegemea visima na mitungi ya wachuuzi wa mikokoteni, na swali huwa ni lile lile: je, maji haya yananyweka?

Sayansi ina jibu moja la kuvutia. Mwaka wa 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa dioksidi ya titani inaweza kupasua maji kwa nguvu ya mwanga. Hii si dawa ya ajabu. Ni unga mweupe unaotiwa katika rangi za kuta.

Miale ya urujuanimno inapoupiga unga huo, elektroni huchupa na kuacha mapengo. Mapengo hayo hunyang'anya maji elektroni, zikazuka chembe kali zinazodumu kwa muda mfupi mno. Ndizo zinazotoboa ngozi za bakteria na kuvunjavunja mabaki ya viuadudu na rangi za viwandani. Kichocheo chenyewe hakitumiki kikaisha.

Tatizo ni kwamba miale hiyo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Isitoshe, unga uliokorogwa majini sharti uchujwe tena, ndiposa watafiti wengi huugandisha kwenye kioo.

Tena chumvi ya visima vya pwani haivunjwi na mwanga. Risasi nayo ni elementi: haina cha kuvunjwa. Hili si jambo dogo kwa majirani wa kijiji cha Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya risasi. Fidia ya Sh1.3 bilioni iliyotolewa na mahakama mwaka wa 2020 ilibatilishwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Anayeshuku kisima chake hana budi kupeleka maji maabarani, jua halitamfaa.

Kwa viini vya kuhara, hata hivyo, jua pekee hutosha bila unga wowote. Utafiti miongoni mwa watoto wa Kimaasai nchini, uliochapishwa 1996, uliona kuhara kukipungua kwa waliokunywa maji yaliyoanikwa juani. Chupa ya plastiki iwe angavu, isizidi lita 2, ilazwe juu ya mabati kwa saa 6, au siku mbili mawingu yakitanda. Maji ya tope yachujwe kwanza, na yanywewe kutoka chupa iyo hiyo.