Je, Wajua? Nyau ya Paka Ni Yako Wewe

Paka wakubwa huitana “nyau” kwa nadra. Wao kwa wao hutumia zaidi harufu, mkia na masikio. Wakigombana, hufoka na kuunguruma. Nyau ni lugha ya utotoni ya kumwita mama, ambayo paka akishakua humgeuzia binadamu, hasa mwenye samaki mkononi.

Ujanja hasa umo katika kule kukoroma kwake akiwa macho. Mwaka 2009, Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na wenzake walionyesha kuwa paka anayedai chakula huchomeka ndani ya mkoromo huo mzito sauti nyembamba, yenye mfanano na kilio cha mtoto mchanga. Wasikilizaji, hata wasiowahi kufuga paka, waliuona kuwa wa dharura na wenye kukera kuliko mkoromo wa paka aliyetulia.