KUONA KINA: KUTOKA MACHO MAWILI HADI NYAYO ZA LAETOLI

Picha ya kawaida, iwe imechorwa kwa mkono au imepigwa kwa kamera, ina urefu na upana tu. Kina hakimo ndani yake. Mtazamaji hukijenga mwenyewe kwa kufuata dalili kama vivuli na ukubwa wa vitu, na dalili hizo zaweza kumpotosha. Picha ya shimo lililoangazwa kutoka upande mmoja, ikigeuzwa juu chini, mara nyingi huonekana kama kichuguu. Kwa atazamaye picha ya sherehe, kosa hilo si kitu. Kwa mtafiti anayetaka kujua kisigino cha kiumbe kilididimia ardhini kwa milimita ngapi, kosa hilo hubatilisha kazi nzima.

Je, kina cha kweli chaweza kupatikanaje kutokana na picha zisizokuwa nacho? Jibu ni kwamba picha moja haitoshi. Zahitajika angalau mbili, na kila moja iwe imepigwa kutoka mahali pake.

Macho mawili, taswira mbili

Macho ya mtu mzima yametengana kwa kiasi cha milimita 65. Kwa hiyo kila jicho hupokea taswira iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake. Jambo hili ni rahisi kulithibitisha darasani. Mwanafunzi anyoshe kidole gumba mbele ya uso wake, afumbe jicho la kulia, kisha la kushoto, kwa zamu. Kidole kitaonekana kuhama mbele ya ubao, ingawa hakikusogea. Kuhama huko huitwa paralaksi. Kitu kilicho karibu huhama sana, na kilicho mbali huhama kidogo. Ubongo huzilinganisha taswira hizo mbili, na kutokana na tofauti yao hutambua umbali.

Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Wheatstone, alieleza jambo hilo mbele ya Royal Society ya London mwaka 1838. Alichora michoro miwili ya umbo moja, mmoja kama umbo lionwavyo na jicho la kushoto, wa pili kama lionwavyo na jicho la kulia. Kisha akatumia vioo viwili ili kila jicho lipate mchoro wake tu. Mtazamaji hakuona michoro miwili iliyo bapa, bali umbo moja lenye kina, kana kwamba laweza kushikwa. Chombo hicho Wheatstone alikiita stereoskopu. Mwaka uliofuata habari za upigaji picha zilitangazwa kwa umma, na muda si mrefu michoro ikazipisha picha za kamera.

Jitu lenye macho yaliyotengana

Uwezo huu wa macho una kikomo. Kwa kitu kilicho umbali wa sentimita 30, mistari itokayo kwenye macho mawili hukutana kwa pembe ya karibu digrii 12. Kwa umbali wa mita 10, pembe hiyo hupungua na kuwa chini ya nusu digrii. Kwa mita 100, ni kama digrii 0.04 tu. Ndiyo maana milima ya mbali huonekana bapa kama pazia. Ili kina chake kionekane, yafaa macho yatengane zaidi, jambo ambalo mtu haliwezi lakini kamera yaliweza.

Ndege ya upimaji huruka kwa mstari ulionyooka ikipiga picha moja baada ya nyingine, kila picha ikirudia kiasi cha asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Tuseme ndege iko mita 3,000 juu ya ardhi, na picha zake, zenye upana wa sentimita 23, zina skeli ya 1:20,000. Sehemu isiyorudiwa, yaani asilimia 40 ya upana huo, ni sentimita 9.2, ambazo juu ya ardhi ni mita 1,840. Ni kama nchi kutazamwa na jitu ambalo jicho lake moja liko karibu kilomita mbili kutoka jicho la pili. Katika jozi hiyo ya picha, tofauti ya paralaksi ya milimita 0.1 kati ya kilele cha kilima na chini yake huonyesha kimo cha mita 3 hivi, kwa hesabu ya 3,000 × 0.1 ÷ 92. Upimaji wa namna hii huitwa fotogrametria. Ndio uliotumika kuchora kontua za ramani nyingi za 1:50,000 za Afrika Mashariki, zile ambazo wanafunzi wa jiografia hufundishwa kuzisoma.

Nyayo zisizoweza kuachwa wazi

Kinachofaa kwa mlima chafaa pia kwa unyayo. Huko Laetoli, kusini mwa Korongo la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, zamadamu walipita juu ya majivu ya volkeno yaliyolowa, yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Majivu yakakauka na kugeuka mwamba, na alama za miguu yao zikabaki. Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kiligundua njia ya nyayo hizo yenye urefu wa karibu mita 27. Zilithibitisha kwamba viumbe hao walikuwa wakitembea wima kwa miguu miwili hata kabla ya wakati wa zana za mawe za kale kabisa zijulikanazo leo.

Mwamba huo wa majivu, hata hivyo, ni dhaifu. Mvua, mizizi na kwato za wanyama vyaweza kuufuta. Kwa sababu hiyo, baada ya kazi ya 1978 na 1979, nyayo zilichukuliwa kalibu, kisha zikafukiwa. Lakini mbegu za migunga ziliota katika udongo uliofukiwa, na mizizi ikatishia kukivunja kile kilichokusudiwa kuhifadhiwa. Katika miaka ya 1990, Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Hifadhi ya Getty ya Marekani ziliifukua njia hiyo, zikaitibu, na kuifukia upya kwa uangalifu zaidi. Kabla ya kufukiwa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliipima kwa fotogrametria.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Kuziacha nyayo wazi ni kuziangamiza. Kuzifukia ni kuwanyima watu nafasi ya kuzisoma. Taswira ya pande tatu hupunguza ukali wa uchaguzi huo, maana huwezesha mwamba kulala salama chini ya ardhi huku umbo lake likichunguzwa Dar es Salaam, Cape Town au kwingineko, bila mtu kuligusa.

Siku hizi kazi hiyo haihitaji ndege. Mtafiti huzunguka unyayo akipiga makumi ya picha kwa kamera ya kawaida. Kompyuta hutafuta nukta zilezile katika picha mbalimbali, hukokotoa mahali kamera ilipokuwa kila mara, kisha huipa kila nukta mahali pake katika urefu, upana na kina. Mwaka 2016 kikundi kilichoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitangaza nyayo nyingine za Laetoli, umbali wa karibu mita 150 kutoka zile za 1978, pamoja na taswira zake za pande tatu. Kutokana na vipimo, kimo cha mmoja wa waliopita hapo kilikadiriwa kuwa kama sentimita 165.

Nyayo nyingine, zilizoonekana mwaka 1976, zilikuwa na umbo la ajabu hata ikapendekezwa kwamba zilikuwa za dubu aliyesimama. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, zikapigwa picha na kupimwa kwa miali ya leza. Maumbo yake yakalinganishwa na nyayo za dubu, sokwe na binadamu. Mwaka 2021 watafiti hao walihitimisha kwamba ni za zamadamu, tena wa aina tofauti na wale wa njia ya 1978. Swali la miaka zaidi ya 40 lilifunguliwa tena kwa kupima kina.

Kuonyesha, na kuaminika

Taswira ikishapatikana, sharti ionyeshwe. Vyombo vya maonyesho ni vingi, lakini vingi vyavyo hufuata kanuni ya Wheatstone, yaani kulipa kila jicho picha yake. Miwani ya rangi nyekundu na buluu huzichuja picha kwa rangi. Miwani ya sinema huzichuja kwa namna mawimbi ya nuru yanavyotetema. Hologramu, iliyobuniwa na Dennis Gabor mwaka 1947 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1971, hufuata njia nyingine. Hiyo huhifadhi mpangilio wa mawimbi ya nuru yatokayo kwenye kitu, hata mtazamaji akisogeza kichwa huona upande mwingine wa kitu hicho bila miwani yoyote.

Yafaa pia kutahadhari. Picha peke yake huipa kompyuta umbo, wala haiipi ukubwa. Unyayo wa mtoto na wa jitu, vikiwa na umbo moja, vitatoa taswira moja. Ndiyo sababu watafiti huweka rula kando ya kitu kabla ya kupiga picha. Rula ikiwa na kosa la asilimia 2, kila kipimo kitapotoka kwa kiasi hicho, na makadirio ya kimo cha sentimita 165 yatapotea kwa zaidi ya sentimita 3. Taswira nzuri iliyokosa kipimo ni pambo tu.

Walimu waweza kulianza somo hili kwa gharama ndogo. Wanafunzi wapige picha mbili za kitu kilicho mita 2 mbele yao kwa kamera ya simu, wakiisogeza kando sentimita 6 na nusu kati ya picha ya kwanza na ya pili. Picha zichapwe zikiwa na upana usiozidi sentimita 6, ziwekwe sambamba, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia. Kisha kipande cha kadibodi kisimamishwe kati yake hadi puani, ili kila jicho lione picha yake. Macho yakiachwa yatulie kana kwamba yanatazama mbali, picha mbili zitaungana na kina kitajitokeza. Baada ya hapo wazibadilishane picha nafasi, waone kilichokuwa mbele kikirudi nyuma, na wajieleze wenyewe sababu yake.